Kimvita cha Nyumbani na Kiswahili cha Darasani

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi wa leo, mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Kimvita, alichokitumia Muyaka kutunga mashairi yake, kikawekwa kando. Nasi watoto wa Mombasa tulipoandika "ndia" tulikatwa kwa wino mwekundu, na wengine wakanyamaza darasani. Mwalimu wetu mmoja alifanya vingine. Aliandika ubaoni "ndia" na "njia", akasema: "La kwanza ni la nyumbani na la malenga, la pili ni la mtihani. Yajueni yote mawili." Tukafaulu bila kuionea haya lugha ya mama zetu. Enyi mtakaoshika chaki kesho, fuateni mfano huo.