Ufadhili wa Ulaya kwa nishati safi kaskazini mwa Tanzania

Ufadhili wa Ulaya kwa nishati safi kaskazini mwa Tanzania ni misaada na ruzuku ambazo Umoja wa Ulaya na nchi wanachama wake wametoa ili kukuza teknolojia zinazopunguza hewa ya ukaa katika ukanda wa Arusha, ikiwemo mazingira ya wilaya za Karatu na Ngorongoro. Teknolojia iliyoenea zaidi ni biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na kinyesi cha mifugo. Nyingine, ambayo bado iko katika hatua za uchunguzi, ni jotoardhi ya eneo la Ziwa Natron.

Sera ya Ulaya

Tangu 2005 Umoja wa Ulaya una soko la vibali vya kutoa hewa ya ukaa. Viwanda na mitambo ya umeme hulazimika kuwa na kibali kwa kila tani wanayoitoa angani. Baadaye mapato ya vibali yalianza kutumika kugharimia uvumbuzi: mpango wa NER300 uliuza vibali milioni 300, na kuanzia 2020 nafasi yake ilichukuliwa na Mfuko wa Uvumbuzi. Fedha hizo hutumika kwa miradi iliyomo Ulaya. Mwananchi wa Karatu asizitarajie.

Zinazofika Afrika Mashariki hutoka katika mifuko mingine ya maendeleo. Njia moja ya pembeni ilikuwepo kupitia soko lenyewe: kampuni za Ulaya ziliruhusiwa kununua hati za kupunguza hewa ya ukaa kutoka nchi zinazoendelea. Kwa miradi iliyosajiliwa baada ya 2012, hati zilikubaliwa tu kama zilitoka katika nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwa mojawapo. Mlango huo nao ulifungwa mwishoni mwa 2020.

Biogesi

Mitambo ya kwanza nchini ilijengwa na SIDO katika miaka ya 1970 kwa mfano wa Kihindi, wenye pipa la chuma linaloelea juu ya tope. Chuma kilikuwa ghali na kilishika kutu. Mwaka 1983 kituo cha CAMARTEC cha Arusha kilianza kushirikiana na shirika la Ujerumani la GTZ, na hapo ndipo kazi ya maana ilipofanyika. Badala ya pipa walijenga kuba la matofali na saruji chini ya ardhi. Tatizo la kuba ni nyufa: ukuta ukipasuka, gesi inavuja na mtambo wote unakuwa shimo la kinyesi tu. Mafundi wa CAMARTEC waliweka kiungo dhaifu makusudi, kwenye pete ya chini ya kuba, ili ufa unaoanzia kwenye msingi uishie hapo usipande hadi kwenye sehemu inayohifadhi gesi. Ujenzi huo unajulikana kimataifa kwa jina la kuba la CAMARTEC na umeigwa katika nchi nyingine. Inafaa ikumbukwe kwamba hapa fedha zilitoka Ulaya, lakini teknolojia yenyewe ilikomaa Arusha.

Mwaka 2009 serikali ya Uholanzi, pamoja na mashirika ya Hivos na SNV, ilianzisha mpango wa biogesi kwa nchi kadhaa za Afrika, uliolenga mitambo 70,000 ya kaya. Nchini Tanzania utekelezaji uliwekwa chini ya CAMARTEC. Mwenye nyumba alilipa sehemu ya gharama na ruzuku ikafidia nyingine. Mafundi waashi walifundishwa ili waendelee na kazi kama biashara yao. Awamu ya pili, iliyoanza 2014, ilisisitiza zaidi mikopo na soko kuliko ruzuku.

Mtambo hauhitaji mafuta wala umeme. Unahitaji kulishwa kila siku: kinyesi kikorogwe na maji kwa kiasi kinacholingana, bakteria wakifanye kazi pasipo hewa, na gesi, ambayo zaidi ya nusu yake kwa kawaida ni methani, ipite kwenye bomba hadi jikoni. Tope linalotoka ni mbolea nzuri ya mahindi na mboga. Ng'ombe wakiuzwa, au maji yakikauka, moto unazimika, hata kama aliyelipia kuba ni tajiri kiasi gani.

Karatu na Ngorongoro

Kwa sababu hiyo wilaya hizi mbili jirani hazifanani. Karatu ni nchi ya wakulima wafugaji. Wairaqw wana desturi ya zamani ya kulaza mifugo nyumbani na kupeleka samadi shambani, hivyo kinyesi kiko karibu na jiko. Kikwazo ni maji, ambayo vijiji vingi huyapata kwa shida wakati wa kiangazi. Faida ni kubwa vilevile: vijiji vya juu vinapakana na msitu wa nyanda za juu ulio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambao ni chanzo cha maji ya wilaya. Ni msitu wenye tembo na nyati, na anayetafuta kuni humo kwa kawaida ni mama au binti.

Ndani ya hifadhi, iliyoanzishwa 1959, mambo ni tofauti. Mifugo ya Wamaasai huhama kufuata malisho na maji, na ujenzi wa kudumu unadhibitiwa kisheria. Kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi hupunguza kasi ya bakteria. Kuba lililobuniwa kwa ajili ya zizi la kudumu halimfai mfugaji anayehama, na ruzuku haibadilishi hilo.

Jotoardhi ya Natron

Wilaya ya Ngorongoro ina mlima Ol Doinyo Lengai, volkeno hai iliyolipuka 2007–2008, na karibu nao Ziwa Natron. Kampuni ya Kuendeleza Jotoardhi Tanzania (TGDC), tanzu ya TANESCO, imeiweka Natron kati ya maeneo yake ya kipaumbele. Gharama ya kuogopwa ni ya kuchimba kisima kisha kukuta hakuna mvuke. Kwa hofu hiyo, Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Ujerumani na Umoja wa Ulaya waliunda 2012 mfuko wa kupunguza hatari za jotoardhi Afrika Mashariki, unaoweza kulipia hadi asilimia 80 ya uchunguzi wa juu ya ardhi na asilimia 40 ya uchimbaji wa majaribio. Kenya, iliyoanza kuzalisha umeme wa Olkaria 1981, iko mbele sana katika jambo hili. Natron pia ndiko flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanakozaliana, kwa hiyo mradi wowote huko utapimwa kwa mizani ya mazingira pia.