Kufuli za Simu: Kutoka Diski Hadi Deni

Kufuli ya kwanza ya simu niliyowahi kuiona ilikuwa ya chuma. Ilichomekwa kwenye tundu la diski, tundu la nambari moja, katika ofisi ya ushirika wa kahawa alikofanya kazi baba, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa katibu. Simu ikiingia ulipokea, kupiga ndiko kulikokatazwa. Vijana wa ofisi walijua dawa yake. Diski ikizunguka hukata mkondo wa umeme mara kadiri ya nambari uliyovuta, na kile kitufe cha kulazia mkono wa simu nacho hukata mkondo vilevile. Ukikigonga upesi mara tatu, ukatulia, ukagonga mara mbili, umeshapiga tatu na mbili. Sifuri ndiyo iliyokuwa na kazi, maana ilitaka mara kumi bila kupoteza mpigo. Bili ya Shirika la Posta na Simu ilipofika, katibu aliikagua kufuli yake na kuikuta salama salimini.

Mimi ni fundi wa simu hapa Mosocho, na kwa miaka mingi nimekula kutokana na kufuli. Ninachokumbuka zaidi si ugumu wake. Ni kwamba kila iliyokuja baada ya ile ya diski ilikuwa na mwenye ufunguo, na kila mara mwenyewe alikaa mbali zaidi na Mosocho.

Safaricom na Kencell zilipoanza kushindania wateja mwaka 2000, Kenya ilikuwa nchi ya kulipa kabla. Simu ulinunua kwa taslimu, laini kivyake, kadi ya kukwangua kivyake. Hakukuwa na mkataba wa kumfunga mtu miaka miwili, kwa hiyo nyingi za simu zilizouzwa madukani hazikuwa na sababu ya kufungwa. Kufuli zilitujia ndani ya masanduku ya ndugu waliotoka Uingereza na Marekani. Huko kampuni ya mtandao ilimpa mteja simu kwa bei ya chini, ikairudisha pesa yake kidogo kidogo kwenye bili ya kila mwezi, na ili asihame nayo, ikaifunga.

Kinachofungwa hasa ni hesabu ndogo. Kila laini ina nambari yake ya ndani, na tarakimu zake tano au sita za mwanzo hutaja nchi na mtandao: 639 ni Kenya, 02 ikifuata ni Safaricom, 03 ni ile iliyokuwa Kencell na leo ni Airtel. Simu iliyofungwa Marekani inasubiri 310, kisha 410 ya AT&T au 260 ya T-Mobile. Uiwekee 639 na inakugomea. Kwa Nokia za zamani nambari ya kufungulia ilitokana na IMEI, yaani nambari ya utambulisho ya simu yenyewe, pamoja na mtandao ulioifunga. Nilibonyeza *#06#, nikanakili tarakimu 15, nikaziingiza kwenye programu ya bure iliyokuwa ndani ya kompyuta ya rafiki yangu mjini Kisii, nayo ikatema nambari. Kisha kazi ya vidole: kitufe cha nyota mara tatu kupata herufi p, mara nne kupata w, mara mbili kupata alama ya kujumlisha. Ukikosea mara tano, mlango wa vitufe umefungwa, utafute waya na boksi. Mteja huwa amesimama mbele yako akitazama mikono, kwa hiyo nilijifunza kubonyeza polepole hata nilipokuwa na haraka.

Abagusi, watu wetu wa huku Kisii, wengi wako Minnesota, Marekani, na kwa muda mrefu niliijua hali ya maisha ya huko kwa aina ya simu zilizorudi Krismasi. Nyingine hazikuwa na kufuli ya kufunguliwa kabisa. Siku moja nyanya mmoja wa jirani alinifungulia leso na kunitolea simu nzuri, nyembamba, iliyotumwa na mkwewe.

"Fundi, niwekee laini niongee na wajukuu."

Niliigeuza nikatafuta mahali pa laini. Hapakuwapo. Ilikuwa ya mtandao wa Sprint, na Sprint na Verizon za huko Marekani enzi hizo zilitumia CDMA, mfumo ambamo simu nyingi zilisajiliwa moja kwa moja kwenye mtandao bila kadi. Nilimweleza, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimetafuta vizuri.

iPhone ilipotoka Juni 2007, Apple iliiuza Marekani kwa wateja wa AT&T pekee. Agosti mwaka huohuo kijana wa miaka 17 wa New Jersey, George Hotz, aliifungua kwa chuma cha kulehemu na programu, akabadilishana moja ya simu alizozifungua na gari la Nissan 350Z pamoja na iPhone nyingine tatu. Sisi mafundi tulisimuliana kisa hicho kama watu wanavyosimuliana mpira. Lakini ndicho kilichokuwa mwanzo wa mwisho wetu. Kadiri matoleo yalivyofuatana, jibu la swali "simu hii imefungwa?" lilihama kutoka ndani ya simu hadi kwenye kompyuta za Apple, na hakuna hesabu ya kupiga mezani. Ilibaki kumlipa mtu wa mtandaoni usiyemjua na kungoja siku kadhaa, au kuweka kile kikaratasi chembamba cha R-SIM chini ya laini ili kuidanganya simu. Kikisogea, mtandao umepotea, na mteja amerudi.

Huko Marekani kwenyewe, ruhusa ya kufungua simu yako ilitegemea mkuu wa Maktaba ya Bunge, kwa kuwa iliingizwa kwenye sheria ya hakimiliki. Ruhusa ilikwisha Januari 2013, watu zaidi ya laki moja wakatia saini kulalamika, na Rais Obama akasaini sheria ya kuirudisha Agosti 2014. Mtunza vitabu kuamua kama simu ya mtu wa Mosocho itashika mtandao! Sijawahi kulielewa.

Hapa nyumbani kufuli ya mtandao ilipata maisha mafupi kwenye modemu. Nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, kampuni zilianza kuuza modemu zilizokubali laini zao tu, na wanafunzi wa vyuo ndio walionilisha likizo baada ya likizo. Halafu Tume ya Mawasiliano ikaamuru simu bandia zizimwe ifikapo Septemba 30, 2012, na zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Watu walinijia wakidhani ni kufuli kama nyingine. Haikuwa, simu hizo zilizimwa kwa IMEI zao. Kufungua mtandao ni jambo moja, kubadilisha IMEI ni jingine, nalo limekuwa kosa la jinai tangu marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya 2009. Niliwarudisha, na wengine wakaenda kwa fundi asiyewarudisha.

Kisha deni likawa kufuli. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo: ulitoa amana, ukaondoka na simu ya intaneti, ukalipa shilingi 20 kwa siku. M-KOPA, waliokuwa wamezoea kukopesha taa za sola, nao wakaingia kwenye simu, na wengine wakafuata. Usipolipa, kioo kinakuambia ulipe, na hakuna kingine utakachofanya nacho. Sitasema ni ubaya mtupu. Wapo waendesha boda na wauza ndizi wa Daraja Mbili ambao hawangeweza kutoa elfu nane kwa mkupuo, na leo wana simu. Ila ile kufuli ya Marekani ilifunga mtandao tu, picha zako na majina ya watu wako ukabaki nayo. Hii inafunga simu nzima, jioni, kabla mama hajajibiwa.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniletea simu ya kuuza, sianzi na kioo wala betri. Nabonyeza *#06#, nalinganisha na risiti, kisha namwambia aifute yote mbele yangu na aiunganishe na intaneti. Tunakaa. IMEI iliyoandikishwa kwa mkopeshaji hujitangaza yenyewe ikishapata mtandao, hata kama simu imefutwa mara kumi. Wengine hukumbuka wana haraka kabla haijawaka.