Sungura Walioisumbua Bodi ya Filamu

Filamu ya Walt Disney kuhusu Snow White ilipofika Uingereza mwaka 1938, wakaguzi wa bodi ya filamu ya nchi hiyo waliipa daraja A, yaani mtoto asiingie ukumbini bila mtu mzima. Katuni ndefu ilikuwa kitu kigeni, na walihofu kuwa yule mchawi na msitu wa usiku vingewatisha wadogo.

Miaka 40 baadaye hofu hiyo ilikuwa imefifia, kwa kuwa watu walikwisha kuzoea kwamba picha za kuchorwa ni za watoto. Ndipo mwaka 1978 ikatoka “Watership Down”, katuni ya sungura iliyoongozwa na Martin Rosen kutokana na riwaya ya Richard Adams ya mwaka 1972. Adams aliianza hadithi hiyo kwa kuwasimulia binti zake wawili wakiwa safarini garini. Hata hivyo, sungura wake si yule mjanja wa ngano zetu anayemcheka Fisi. Mashimo yao yanazibwa, nao wanabanana gizani wakikosa pumzi. Mmoja wao, Bigwig, ananaswa shingo kwenye kitanzi cha waya, na kadiri anavyojikukurusha ndivyo damu inavyomtoka mdomoni.

Bodi iliipa daraja U, la watu wote. Wakaguzi walisema kuwa uchoraji huipunguzia damu ukali wake, na kwamba mtoto akiguswa, hadithi ikiisha atatulia.

Malalamiko yakaanza, yakawa yanarudi karibu kila mwaka. Mwaka 2016 filamu ilipoonyeshwa kwenye televisheni mchana wa Jumapili ya Pasaka, wazazi walikuja juu tena.

Wapo wanaosema watoto wa siku hizi wamedekezwa, lakini hoja hiyo haisimami, maana lawama zilianza na kizazi cha kwanza cha watazamaji. Wengine husema kifo hakimfai mtoto kabisa. Nao wanasahau kwamba masimulizi haya yaliwalenga watoto tangu mwanzo. Naona kosa lilikuwa kwenye daraja lenyewe: lilimwambia mzazi amwache mtoto peke yake.

Mwaka 2022 bodi iliihamishia filamu hiyo kwenye daraja PG, ambalo huacha uamuzi mikononi mwa mzazi, kwa sababu ya vurugu, vitisho, damu na lugha. Hiyo lugha ni tusi moja tu, nalo linatoka kinywani mwa ndege.