Saa tisa kutoka Sumatra hadi Fundo

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, ilipokaribia saa kumi za alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari ilipasuka magharibi mwa kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 9.1. Mtikisiko ulipenya ndani ya dunia na kufika mwambao wetu baada ya dakika 10 hivi. Kisiwa cha Fundo, kipande chembamba cha mwamba wa matumbawe kilicholala mbele ya Wete, magharibi mwa Pemba, kilitikisika pamoja na dunia nzima bila mtu kuhisi chochote. Maji yalikuja nyuma. Yalihitaji takriban saa tisa kuvuka Bahari ya Hindi.

Kwa muda huo wote, pwani ya Tanzania haikupata onyo la maana.

Hatari yenyewe ilikuwa imeshatajwa. Phil Cummins, mtaalamu wa matetemeko ya ardhi katika taasisi ya Geoscience Australia, alikuwa akichunguza tetemeko kubwa lililotokea Sumatra mwaka 1833. Alipolipigia hesabu kwa kompyuta, aliona kwamba tetemeko la aina ile lingesukuma mawimbi makubwa hadi katikati ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2003 alilipeleka suala hilo kwenye kikao cha kimataifa kilichofanyika New Zealand, akitaka bahari hii nayo iwe na mfumo wa onyo kama ule wa Pasifiki. Kikao kikakubali liundwe kundi la kulitazama jambo hilo. Septemba 2004 jarida la taasisi yake likachapa onyo hilo hilo. Miezi mitatu baadaye bahari ikaja.

Alfajiri ile, kwa saa zetu, wataalamu wa kituo cha onyo la tsunami cha Pasifiki, kilichoko Hawaii, walitoa taarifa yao ya kwanza dakika 15 tu baada ya tetemeko. Walikadiria ukubwa wa 8.0, pungufu mno. Tetemeko la ukubwa wa 9.1 huendelea kupasua mwamba kwa dakika kadhaa, na nguvu yake kubwa imo katika mawimbi ya polepole ambayo hesabu za haraka za wakati huo hazikuyanasa vizuri. Hata ukweli ulipoanza kuonekana, hawakuwa na orodha ya watu wa kuwapigia simu katika nchi za Bahari ya Hindi.

Yaliyotokea mchana huo kwenye pwani yetu yanaonyesha thamani ya habari inayowahi. Nchini Somalia walikufa karibu watu 300, na rasi ya Hafun iliharibiwa vibaya. Kenya, ambako maofisa waliwahi kuwaondoa watu ufukweni, ilipoteza mtu mmoja. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa wanaogelea katika fukwe za Dar es Salaam. Kilichotunusuru zaidi ni kupwa kwa maji. Mwezi ulikuwa mpevu na bahari ilikuwa ya bamvua. Kila mvuvi wa Pemba anajua kwamba siku kama hiyo maji hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Wimbi lilifika saa kadhaa kabla, maji yakiwa bado chini. Lingechelewa kidogo, lingepanda juu ya bahari iliyokwisha kujaa.

Mfumo ambao Cummins aliudai ulianza kuundwa mwaka 2005 chini ya UNESCO. Tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia vinatoa taarifa kwa nchi zote za bahari hii. Kwa upande wetu taarifa hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Mfumo ulipata mtihani wake tarehe 11 Aprili 2012, tetemeko la 8.6 lilipopiga tena karibu na Sumatra na tahadhari ikatolewa hadi Afrika Mashariki. Safari hiyo mwamba uliteleza kwenda ubavuni badala ya kuinuka, kwa hiyo haukusukuma maji mengi.

Kama yupo anayedhani 2004 ilikuwa mara ya kwanza, avuke hadi Pangani. Huko Elinaza Mjema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua kijiji cha Waswahili cha miaka 1,000 iliyopita. Ndani ya tabaka la mchanga mlikuwa na vigae vya vyungu, shanga, mabaki ya nyumba za miti na udongo, na mifupa ya watu isiyo na dalili ya maziko. Watafiti wakiongozwa na Vittorio Maselli walilipima tabaka hilo, na mwaka 2020 wakaandika kwamba kijiji kilizolewa na tsunami ambayo huenda ilianzia upande ule ule wa Sumatra.

Fundo iko upande wa magharibi wa Pemba, lakini mawimbi ya aina hii hupinda na kuzunguka kisiwa. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na chombo kilichoko huko nje kinaweza kupitiwa na wimbi bila nahodha kulitambua. Hatari iko kwenye maji mafupi, ufukweni na katika milango ya bahari baina ya visiwa, ambako maji huingia na kutoka kwa kasi kwa saa nyingi. Kwa hiyo aliyeko nje hana budi kuambiwa abaki nje, na wanaookota pweza mwambani waambiwe wapande juu. Amri hizo mbili zinapaswa kutoka TMA, zipitie Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar na Wilaya ya Wete, hadi kwa sheha, kisha kwenye kipaza sauti cha msikiti na simu za wavuvi.

Na si kila tetemeko litatupa saa tisa. Mwaka 1945 tetemeko la 8.1 lilipiga Makran, ng'ambo ya Oman, na kuleta tsunami. Kutoka huko safari ya maji hadi Pemba ni fupi zaidi. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la takriban 6.0 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, likahisiwa hadi Zanzibar. Halikuleta tsunami. Kubwa zaidi likitokea karibu hivyo, hakuna ofisi itakayowahi kupiga simu. Onyo litakuwa mtikisiko wenyewe, na mtoto wa skuli ya Fundo anayeuhisi ukiwa mkali na wa muda mrefu anatakiwa awe ameshafundishwa kuliacha pwani papo hapo na kukimbilia mahali pa juu.