Kabla ya Kutupa Mshipi

Kiangazi kilichopita wanne kati yetu tuliamua kujifunza kuvua kwa kayaki katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uskochi. Tulikodi kayaki za plastiki, tukanunua mishipi na ndoana, tukatazama video mbili tatu, tukajiona wavuvi. Usiku ule babu wa mmoja wetu, aliyevua kwa ngalawa Unguja miaka mingi, alituuliza kwa simu: "Wajukuu zangu, kesho ni bamvua au maji mafu?" Hakuna aliyeelewa swali, na tuliona haya kumwuliza maana yake.

Ilikuwa bamvua. Maji yalipoanza kupwa yalituvuta, na upepo wa kutoka nchi kavu ukatusukuma. Tulikokwenda kwa dakika kumi, tulirudi kwa saa nzima, mikono ikitetemeka.

Baada ya hapo tulianza kutafuta habari za chombo tulichokalia. Jina lake linatokana na qajaq, neno la Wainuit wa Greenland na kaskazini ya Amerika. Kwao miti mikubwa haioti, hivyo mifupa ya chombo waliiunda kwa magogo yaliyoletwa na bahari, kisha wakaivika ngozi ya sili. Chombo kilipimwa kwa mwili wa mwenyewe. Ngalawa husimama kwa matengo yake mawili, lakini kayaki husimama kwa kiuno na kafi ya aliyeketi ndani.

Kayaki ilifika Uskochi zamani, na si kwa mchezo. Mwaka 1760 kasisi Mwingereza, Francis Gastrell, aliandika katika shajara yake kwamba Aberdeen alionyeshwa chombo cha namna hiyo. Kilikuwa kimeingia mto Don miaka kama 32 nyuma, kikiwa na mtu ndani. Mtu huyo alisema lugha ambayo hakuna aliyeweza kuifasiri, na baada ya siku tatu alifariki. Hadi leo Chuo Kikuu cha Aberdeen kinahifadhi kayaki ya zamani inayohusishwa na mkasa huo.

Alifikaje? Ngozi ya sili hulowa na kulegea ikikaa majini siku nyingi bila kuanikwa, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba alipiga kafi kutoka Greenland. Enzi zile wavua nyangumi wa Ulaya walikuwa wakiwateka Wainuit. Wengi hudhani alichukuliwa melini, akatoroka au akaachiwa karibu na pwani. Chombo kilitunzwa, lakini jina lake halikuandikwa. Sisi tunaojikwaa katika Kiswahili cha wazazi wetu tulisoma habari hiyo kimya kimya.

Kayaki tulizokodi ni za juzi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tim Niemier wa California alianza kutengeneza kayaki ya kuketi juu yake, isiyo na shimo la kuingia. Baadaye plastiki iliifanya rahisi na imara, na wavuvi wakaipenda. Hata hivyo, inakuwezesha kuingia baharini bila kujua lolote, kama tulivyofanya sisi.

Kwa hiyo, msomaji ukitaka kuanza, vaa jaketi la kuokolea maisha na nguo za kuhimili maji baridi, maana bahari hii ni baridi hata Julai. Mwambie mtu wa nchi kavu saa utakayorudi. Upepo ukitoka bara, usiondoke. Na utazame mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua iko karibu.

Mara ya pili tulimpigia babu sisi wenyewe, daftari mkononi. Alitutajia maneno: kujaa, kupwa, umande, chambo. Tulirudi na samaki sita wa jamii ya vibua. Babu aliuliza kwanza kama sote tumerudi, kisha ndipo akauliza kuhusu samaki.