Kulea mtoto wa mbwa nyumbani: chakula, chanjo na matembezi

Katika miji ya Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, familia nyingi zinachukua mbwa juu ya kulinda parseli. Mara nyingi mbwa huyo anafika akingali mdogo sana, ndani ya katoni ao kikapu, zawadi ya jirani ao kitu cha kununuliwa sokoni. Namna anavyolelewa miezi sita ya kwanza ndiyo inaonyesha kama atakuwa mlinzi mwenye afya, ao mgonjwa anayeweza kuleta hatari kwa watoto wa nyumba.

Asitoke kwa mama yake mapema

Mtoto wa mbwa anafungua macho kati ya siku 10 na 14. Kuanzia wiki ya tatu ao ya nne anaanza kuota meno na kuonja chakula. Umri mzuri wa kumuondoa kwa mama ni wiki 8. Wakati huo amekwisha kujifunza kula, na kwa kucheza na wenzake amejifunza pia kutouma kwa nguvu. Anayeondolewa kwa wiki 4 anaugua haraka, na anaweza kubaki na tabia ya kuuma.

Usiku wa kwanza atalia. Si ugonjwa. Apewe fasi kavu yenye kitambaa ao gunia safi, isiyopitisha upepo wala mvua.

Chakula: bugali peke yake haitoshi

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kumpa mbwa mdogo bugali na mchuzi uliobaki, basi. Bugali ya mihogo inashibisha tumbo, lakini haina karibu kitu cha kujenga misuli na mifupa. Bugali ao wali uchanganywe na kitu cha kujenga mwili: sambaza ao ndagala zilizopikwa, yai lililochemshwa, maharagi yaliyoiva vizuri na kupondwa, ao matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa. Matumbo na maini mabichi yasitolewe, kwani yanaweza kuwa na mayai ao vifuko vya minyoo.

Mpaka miezi 4, apewe chakula kidogo kidogo mara 3 ao 4 kwa siku. Kutoka miezi 4 mpaka 6, mara 3. Kisha pale, mara 2 zinatosha. Maji safi yabaki karibu naye muchana na usiku. Maziwa ya ng'ombe si lazima, na yanaweza kumletea kuhara.

Kuna vitu ambavyo ni sumu kwake hata kama watu wanakula: vitunguu, vitunguu saumu, chokoleti, kahawa na pombe. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama miiba na inaweza kutoboa matumbo. Kuna pia wanaosema kwamba pilipili inamfanya mbwa awe mkali. Pilipili inamchoma tumbo tu. Haimfundishi kulinda.

Ili kujua kama anakula vya kutosha, mguse ubavuni. Mbavu zisikike chini ya vidole, lakini zisionekane kwa mbali. Akiwa na tumbo kubwa la duara na mgongo mwembamba, mara nyingi ni minyoo.

Minyoo, viroboto na funza

Karibu kila mtoto wa mbwa anakuwa na minyoo, kwa sababu inapita kutoka kwa mama, ndani ya tumbo la uzazi ao kwa maziwa. Dawa inaanza kwa wiki 2, inarudiliwa kila wiki 2 mpaka wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Kipimo kinafuata uzito, kwa hiyo muganga wa wanyama ndiye anayepanga.

Jambo hili linagusa watoto wa nyumba pia. Mayai ya minyoo yanatoka katika choo cha mbwa na kubaki katika udongo. Mtoto anayecheza chini anaweza kuyameza, na aina nyingine inaingia kwa ngozi ya miguu isiyo na viatu. Choo cha mbwa kiokotwe kila siku na kuzikwa, na watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Viroboto na kupe wanamnyonya damu mpaka anaishiwa nguvu. Funza pia wanamuingia kwenye nyayo. Mtu asimuogeshe kwa dawa ya ng'ombe bila kuuliza, juu kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua. Vilevile dawa za watu kama ibuprofeni na diklofenaki ni hatari kubwa kwake.

Kuhara damu: usingoje kesho

Ugonjwa unaoua watoto wengi wa mbwa ni parvo. Mbwa anakataa kula, anatapika, anahara maji yenye damu na harufu mbaya sana. Anaweza kufa kwa siku chache tu. Ukivuta ngozi ya shingo na inachelewa kurudi fasi yake, maji yamepunguka mwilini. Apelekwe kwa muganga siku ile ile, na atengwe na mbwa wengine. Virusi vyake vinaweza kuishi ndani ya udongo miezi mingi, kwa hiyo sakafu na sahani zisafishwe kwa maji ya javeli, na mbwa mwingine asiyechanjwa asiletwe haraka katika parseli hiyo.

Chanjo ya parvo inaanza kwa wiki 6 ao 8, inarudiliwa kila wiki 3 ao 4 mpaka wiki 16. Kabla ya kumaliza, asitembezwe kwenye majalala ao fasi mbwa wengi wanapita.

Kichaa cha mbwa

Chanjo hii inatolewa kuanzia miezi 3, inarudiliwa kisha mwaka mmoja, na baadaye kama muganga anavyopanga. Inahitaji kubaki katika baridi ya digri 2 mpaka 8. Fasi umeme unakatika kila mara, ni haki ya mwenye mbwa kuuliza chanjo ilitunzwa wapi, na kuomba kadi yenye tarehe.

Mbwa mdogo pia anaweza kuambukiza kichaa. Akimuuma mtu, ao akilamba kidonda chake, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya juu ya chanjo. Jiwe jeusi haliponyeshi kichaa. Alama zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kama inawezekana bila hatari, mbwa afungwe na achungwe siku 10, asiuawe papo hapo, juu hali yake inasaidia waganga kujua.

Matembezi na mazoezi

Mifupa ya mbwa inaendelea kukomaa mpaka karibu mwaka mmoja, na zaidi kwa mbwa wakubwa. Wafugaji wengi wanafuata kipimo rahisi: dakika 5 za kutembea kwa kila mwezi wa umri. Wa miezi 4 anatembea dakika 20, kisha anapumzika. Kumkimbiza nyuma ya pikipiki ao kumpandisha milima ya Bukavu kila siku ni kumuumiza. Uvira, fasi kuna joto, matembezi yawe asubuhi ao jioni. Goma, mawe ya volkano yanakata nyayo na yanachoma wakati wa jua. Zichunguzwe kila mara anaporudi.

Kandokando ya Goma, kuelekea Sake, kuna hatari nyingine: mazuku. Hewa hiyo ni nzito, inalala katika mabonde na mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mtu mzima anayesimama anaweza kupita bila kusikia kitu, lakini mbwa mwenye pua karibu na udongo anaanguka. Mbwa akianguka katika shimo la namna hiyo, mtu asishuke kumuokota, wala asimtume mtoto. Anayeinama anavuta hewa ile ile.

Kumfunga kamba siku nzima hakumfanyi mlinzi mzuri. Kati ya wiki 3 na 14 ndipo anajifunza nani ni mtu wa kawaida. Aone watoto, wageni, mbuzi na pikipiki, ashikwe kwa upole. Mbwa aliyezoea watu anatambua mgeni na anabweka kwa wakati wake. Aliyepigwa na kufungwa tu anauma kwa woga, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto wa jirani.