Kigezo cha Manufaa, Si Hataza Ndogo

Ipo haki inayomlinda fundi aliyeboresha chombo, ambayo kwa Kiingereza huitwa utility model; wanaoiita "hataza ndogo" wanaipotosha sheria. Hataza hudai uvumbuzi uwe mpya, ufae viwandani, tena upige hatua isiyo dhahiri machoni pa mjuzi wa fani hiyo. Sheria ya Kenya ya mali ya viwandani ya mwaka 2001 inamwondolea sharti hilo la tatu fundi aliyeboresha chombo kilichopo: upya na kufaa viwandani vinamtosha. Hiyo ni haki ya namna yake, haikukatwa ubavuni mwa hataza. Na kumwambia fundi wa jua kali kwamba alichobuni ni "kidogo", hata kabla hajajaza fomu, ni kumdunisha.

"Modeli ya matumizi" ni mbaya zaidi, na imepitishwa na kamati zisizotoa sababu. Matumizi, kwa msomaji wa kawaida, ni yale yanayofuata mapato. Akikutana na istilahi hiyo atatafuta fedha ndani yake asizione.

Neno ninalolitetea ni kigezo cha manufaa. Wajerumani walipoitungia haki hii sheria mwaka 1891 waliiita Gebrauchsmuster, na Muster ni kielelezo cha kufuatwa; hadi 1990 sheria yao ilidai kitu kinacholindwa kiwe na umbo. Modeli nayo imetoka katika Kilatini modulus, yaani kipimo kidogo. Sasa litazame neno letu. Kugeza ni kupima, ni kulinganisha, ni kuiga. Kigezo ndicho kinachopimiwa na kuigiwa. Wazungu walihitaji maneno mawili. Sisi kitenzi kimoja kimebeba kipimo na mwigo pamoja. Tena mwigo ndio kiini cha shauri lote, maana chombo ambacho jirani anaweza kukinakili kwa kukitazama tu ndicho kinachohitaji ulinzi wa haraka.

Manufaa halihitaji kutetewa sana. Sheria ya Misri ya 2002, inayotoa miaka 7, huiita haki hii kwa neno la Kiarabu manfaa, na shina ni lile lile la manufaa yetu.

Wapo wanaopinga kwamba kigezo sasa ni sharti, kama katika "vigezo na masharti kuzingatiwa". Maana ya kielelezo ni kongwe kuliko matangazo ya biashara, na sioni kwa nini tangazo lipewe mamlaka ya kuifuta. Nililiwasilisha neno hili kwa maandishi panapostahili. Sikujibiwa kwa hoja. Niliambiwa tu kwamba watu wamekwisha kulizoea lile la "modeli ya matumizi". Watu gani? Mafundi wa Gikomba na wa Gerezani hawajaulizwa. Waliolizoea ni wale wale waliolipitisha, nao wananiita mkaidi kwa kulikataa.

Kuhusu matumizi yake: sheria ya Tanzania ya 1987 huitaja hati, basi karatasi yenyewe iitwe hati ya kigezo cha manufaa. Nchini Kenya muda wake ni miaka 10 isiyoongezwa, dhidi ya 20 ya hataza, na mwombaji wa hataza anaweza kuligeuza ombi lake liwe la kigezo kabla halijaamuliwa. Fundi anaomba kigezo cha manufaa, anasajiliwa, na akiigwa bila idhini anashtaki kwa ukiukaji wa kigezo chake.